Daftari la Mjomba

Msomaji wa riwaya za Kiswahili anakifahamu kisiwa cha Ukerewe hata kama hajawahi kupanda meli pale Mwanza kwenda Nansio. Ameshafika Namagondo kupitia Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Ameshakaa siku nyingi nyumbani kwa Myombekere na Bugonoka, katika kitabu kikubwa cha Aniceti Kitereza. Pengine amemsoma na Gabriel Ruhumbika. Wote watatu ni wa kisiwa hicho kimoja, ambacho mtu mwenye baiskeli nzuri anaweza kukivuka kwa siku moja. Si jambo dogo. Wahakiki wameandika mengi juu ya waandishi hao, na wana haki. Ila kuna swali ambalo sijaona likiulizwa: majirani wa waandishi hao, waliobaki kijijini wakilima pamba na kuvua dagaa, nani aliwafundisha kusoma?

Kwa kijiji kimoja jibu ninalo. Ni mjomba wangu, tuliyemzika mwaka juzi akiwa na miaka 72.

Siku ya mazishi wasifu wake ulisomwa kwa dakika tatu hivi. Marehemu alizaliwa 1951. Alisoma hadi darasa la saba. Alikuwa mkulima na mvuvi. Ameacha mjane, watoto 6 na wajukuu 19. Hakuna uongo hapo. Lakini haikutajwa kwamba tangu 1971 hadi 1983 alifundisha watu wazima kusoma, kuandika na kuhesabu, jioni tatu kila wiki. Nilipomuuliza binamu yangu aliyeuandika wasifu ule, alinijibu bila kusita, "Ile haikuwa kazi, mjomba. Ilikuwa kujitolea." Na kweli, hapakuwa na barua ya ajira, wala pensheni, wala picha ya mahafali. Kulikuwa na daftari tu. Daftari hilo shangazi, mke wake, alinikabidhi mimi siku tuliyoanua matanga, kwa sababu, alivyosema, "wewe ndiye unayependa makaratasi."

Kwanza niseme kidogo jinsi kijana wa darasa la saba alivyojikuta mbele ya ubao.

Sensa ya 1967 ilikuta kwamba kama theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshalitaja jambo hilo mapema, wakati wa kuzindua mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano mwaka 1964. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi haiwezi kukaa inasubiri watoto wakue: wanaolima, wanaozaa na wanaoamua mambo leo ni wakubwa, kwa hiyo wakubwa ndio waanze kufundishwa. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Uliofuata, 1971, zikachaguliwa wilaya chache zifute ujinga kabla ya mwaka kwisha, ziwe mfano kwa nyingine. Ukerewe ilikuwamo, na Mafia pia. Visiwa viwili vilivyo mbali na kila kitu vilitakiwa vitangulie.

Ukerewe haikuanzia sifuri. Tangu 1968 Mwanza ilikuwa makao makuu ya mradi wa majaribio wa UNESCO uliohudumia mikoa ya kando ya ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera. Walichojaribu kilikuwa kipya. Badala ya kumfundisha mtu mzima kwa kitabu cha mtoto cha baba na mama na kuku, waliandika vitabu kufuatana na kazi yake. Mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa pamba, mvuvi kwa samaki, mwenye shamba la migomba kwa migomba, mfugaji kwa ng'ombe. Kikaitwa kisomo chenye manufaa. Mitaani, bwana, jina lilikuwa jingine: ngumbaru. Ukimwambia mtu kwamba amesoma ngumbaru ulikuwa unamcheka. Mjomba hakulipenda neno hilo hata kidogo. Lakini alituhadithia kwamba wanafunzi wake wenyewe walilitumia kwa furaha, wakiitana "wewe ngumbaru mwenzangu" njiani kutoka darasani.

Walimu wa kutosha hawakuwapo, ndipo wakaitwa vijana waliomaliza shule ya msingi bila kupata nafasi ya sekondari, ambao walikuwa wengi kupita kiasi. Mjomba alikuwa na miaka 20. Alipewa semina fupi, kitabu cha mwongozo, boksi la chaki na ahadi ya posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Kwa maneno yake posho hiyo "ilikuwa na tabia ya mvua", yaani ilikuja ilipotaka. Ubao wake ulikuwa mlango wa zamani uliopakwa masizi, na darasa lilikuwa chini ya mwembe. Mvua ikinyesha walihamia kwenye ghala la pamba.

Ghala hilo lina maana yake katika habari hii. Kwa mkulima wa Kanda ya Ziwa, kutokujua kusoma kulikuwa hasara inayohesabika kwa kilo. Miaka ya mwanzo ya 1950 ndugu zetu Wasukuma walianzisha vyama vyao, na mojawapo ya sababu kubwa ilikuwa mizani. Wanunuzi waliwapunja, wao wakaweka watu wao wa kupima upya mzigo. Kutokana na vyama hivyo ukazaliwa muungano mkubwa wa ushirika wa Victoria, uliofanya pamba iwe mikononi mwa wakulima wenyewe. Lakini hata ushirika ukiwa wako, karani ndiye anayesoma mizani na kuandika stakabadhi, na wewe unabonyeza dole gumba kwenye wino wa zambarau. Mjomba aliniambia kwamba somo lake la kwanza halikuwa herufi a. Lilikuwa tarakimu, 0 hadi 9. "Watu walitaka kujua namba kwanza. Herufi zikaja baadaye, kama mgeni aliyealikwa na namba."

Sasa nirudi kwenye daftari lenyewe. Ni daftari gumu la kurasa 192, jalada lake limeliwa na mende pembeni, na linanuka moshi. Kushoto kuna majina. Juu kuna tarehe. Katikati kuna vyeraha kwa waliohudhuria na sifuri kwa waliokosa. Majina ni 64 mwaka wa kwanza. Nimeyahesabu: wanawake 41, wanaume 23.

Nilipolisoma usiku wa kwanza niliona kitu ambacho sikukielewa. Sifuri za wanaume zinakuja kwa mawimbi. Wiki mbili wapo karibu wote, wiki mbili zinazofuata ni sifuri mtindo mmoja, halafu wanarudi. Ukurasa baada ya ukurasa ni hivyo hivyo. Pembeni mwa safu za sifuri mjomba ameandika neno moja tu kwa penseli: giza.

Mtu wa ziwani ameshaelewa. Dagaa huvuliwa usiku usio na mwezi, kwa taa ya karabai. Samaki hufuata mwanga, na mwezi ukiwaka karabai haina kazi. Kwa hiyo siku za giza wavuvi walikuwa majini, na siku za mbalamwezi walikuwa darasani. Kalenda ya serikali ilikuwa na jioni tatu kila wiki kuanzia Januari hadi Desemba. Kalenda ya mjomba ilikuwa mwezi. Nyuma ya daftari amechora ratiba yake mwenyewe: siku za mbalamwezi, somo jipya, siku za giza, marudio kwa kina mama, na wenye watoto wadogo waruhusiwe mapema. Hakuna semina iliyomfundisha hivyo. Alikuwa mvuvi, alijua.

Jambo hilo lilikuwa na upande wake wa kuchekesha. Taa ya darasa ilikuwa karabai, na karabai ya kijiji ilikuwa ya mwenye mtumbwi. Siku za giza ilikwenda ziwani pamoja na wavuvi, na kina mama wakabaki na koroboi mbili. Mjomba alisema kwamba ndiyo maana wanawake wa darasa lake waliandika herufi kubwa kuliko wanaume: walizoea kuziona kwa koroboi.

Na macho yenyewe je? Wengi walikuwa na miaka 50 na zaidi. Hakuna aliyefikiria kwamba mtu wa umri huo anahitaji miwani kabla ya kitabu. Darasa lilikuwa na miwani moja, ya mzee mmoja katekista, nayo ilizungushwa kutoka pua hadi pua. Anayesoma kwa sauti ndiye anayeivaa. Ikifika kwako ujue zamu yako imefika.

Sitaki kuipamba habari hii. Watu hawakuja wote kwa hiari. Palikuwa na sheria ndogo za vijiji, palikuwa na viongozi wa TANU waliopita nyumba kwa nyumba, na palikuwa na wanaume waliojificha migombani wakiona mwalimu anakuja. Wengine waliona aibu kukosolewa na kijana mdogo mbele ya wake zao. Katika daftari yupo mmoja mwenye sifuri 40 mfululizo. Kisha ghafla anaanza kuja, na haachi tena mpaka mwisho. Nilimuuliza shangazi kilichotokea. Akacheka. "Mkewe alikuwa ameshaanza kumsomea barua za mtoto wao aliyekuwa Mwanza. Akamsomea na zile sehemu ambazo hazikuandikwa." Mzee yule akahofu, akaja kujionea mwenyewe.

Namba 14 katika orodha ni bibi yangu, mama yake mjomba. Yaani mwalimu alimfundisha mama yake mzazi. Ukurasa wa kwanza mbele ya jina lake kuna alama ya dole gumba. Tangu ukurasa wa 9 kuna herufi tatu zinazopanda mlima kama mchwa. Ukurasa wa 22 kuna jina zima. Sina picha ya bibi akiwa kijana. Ninayo hiyo.

Mwaka 1973 redio iliingia darasani. Ilikuwa kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowakusanya karibu watu milioni 2 nchi nzima katika vikundi vya kusikiliza Radio Tanzania, kusoma kijitabu na kujadili: malaria, kuhara, kichocho, vyoo. Kwetu kichocho hakikuwa somo la mbali, kiko majini tunamoogea. Mjomba alisema kipindi kikiisha hakuna aliyetaka kwenda nyumbani, watu walibaki wakibishana. Kijiji kikachimba vyoo kwa msimu mmoja kuliko kilivyowahi kuchimba kabla yake. Agosti 1975 ukaja mtihani wa taifa wa kisomo. Nchi nzima watu zaidi ya milioni 5 walikuwa wameandikishwa madarasani. Matokeo yalipangwa kwa ngazi nne, na ya nne ndiyo ya mtu anayeweza kusoma gazeti, kuandika barua na kutunza hesabu zake. Katika daftari la mjomba watu 17 wana namba 4 iliyozungushiwa duara. Bibi ana 3. Nasikia hakumsemesha mwanawe siku mbili.

Hapa ndipo habari ya mwalimu inapokutana na ile ya waandishi.

Kezilahabi alizaliwa Namagondo mwaka 1944, na Rosa Mistika ilitoka 1971, mwaka ule ule mjomba alioanza kufundisha. Kitabu kile hakikuruhusiwa mashuleni kwa muda mrefu, maana kilisema wazi mambo ya wasichana na wanaume waliowaharibu, wakiwamo watu wazima wenye vyeo. Lakini ngumbaru si shule. Hakuna mkaguzi aliyekuja na orodha ya vitabu vilivyokatazwa chini ya mwembe wetu. Nakala moja ilifika kijijini mikononi mwa mwanafunzi aliyekuja likizo, na mjomba akaisoma kwa sauti kwa wale wa ngazi ya juu, kurasa chache kila jioni baada ya somo. Darasa liligawanyika vibaya. Wanaume walishughulika kutafuta Zakaria ni nani hasa, maana kila mlevi wa upande ule alijihisi ametajwa. Wanawake hawakuwa na haja na hilo. Waliongea juu ya Rosa, juu ya baba anayempiga binti asionane na mvulana, halafu binti anatoka nyumbani asijue lolote la kujikinga nalo. Mjomba alisema ndipo alipojifunza kwamba kumfundisha mtu kusoma na kumruhusu asome ni vitu viwili tofauti. Mwenyekiti wa kijiji alimwita, akamwambia arudi kwenye kitabu cha pamba. Akarudi kwenye kitabu cha pamba, wiki moja.

Gamba la Nyoka ilimpa shida zaidi. Riwaya hiyo ya 1979 inahusu watu wanaohamishiwa katika vijiji vya ujamaa na vijana wasomi wanaokuja na siasa hiyo. Mjomba alikuwa pande zote mbili za kitabu. Mwaka 1974, katika Operesheni Vijiji, nyumba ya baba yake iliezuliwa paa, familia ikahamia barabarani, na migomba iliyoachwa ikaliwa na ngedere. Serikali iliyoezua ndiyo iliyomletea chaki. Nilimuuliza mara nyingi aliwezaje kuendelea kuitumikia. Hakuwa mtu wa hotuba, ila siku moja alinijibu akiwa anashona wavu. "Mjomba, aliyehamishwa akijua kusoma, kesho wakija na karatasi atawauliza imeandikwa nini." Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, mjomba kwa mjomba, kwa hiyo nilizoea kuitwa kwa jina lake mwenyewe.

Kitereza ni habari nyingine. Mzee huyo alizaliwa 1896, akamaliza kuandika kitabu chake kwa Kikerewe mwaka 1945. Mswada ulikaa miaka na miaka bila mchapishaji. Nani angechapa kitabu kirefu vile kwa lugha ya kisiwa? Mwishoni mwa miaka ya 1960 wataalamu kutoka Marekani waliokuja kuchunguza historia ya Ukerewe wakamshauri akitafsiri kwa Kiswahili, naye akakaa chini uzeeni akakitafsiri mwenyewe. Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980, majuzuu mawili. Kitereza akafariki 1981, kitabu hakijamfikia mkononi.

Wapenda fasihi wote tunaijua habari hiyo ya huzuni, na tunaisimulia kama hasara tupu. Daftari limenifanya niitazame upande wa pili. Tuchukulie kitabu kingechapwa 1945. Pale kijijini kwetu nani angekisoma? Padri, katekista, karani wa pamba, labda na mwalimu wa shule. Kilipotoka 1980, kijiji hicho hicho kilikuwa na watu wazima wanaoweza kukaa na kitabu, wakiwamo kina mama waliozaliwa kabla ya vita vya pili. Miaka 35 ambayo mswada ulisubiri ilimuumiza mwandishi, na hakuna kinachofidia. Lakini katika miaka hiyo, bila kujua, mjomba na wenzake walikuwa wakimtengenezea wasomaji.

Mjomba alizipata juzuu zote mbili Mwanza, sijui aliacha kununua nini. Akamsomea bibi. Bibi alikuwa anajua kusoma kwa ngazi ya 3, lakini maandishi madogo vile hayakukubali macho yake. Sasa sikiliza: kitabu kilikuwa kimetoka Kikerewe kwenda Kiswahili, na mjomba, kila akisoma sentensi, alikirudisha Kikerewe kwa mdomo. Bibi alikuwa akimkatiza. Hapana, mgeni hakaribishwi hivyo. Hapana, pombe ya ndizi haikamuliwi na mtu mmoja. Mara nyingine mjomba alisoma sentensi inayofuata na kukuta Kitereza amesema kama bibi. Ilichukua misimu miwili. Nilikuwa mtoto mdogo, nilikuwa nalala kabla Bugonoka hajarudi kwa mumewe, na nikiamka asubuhi naambiwa amesharudi.

Halafu mambo yakaanza kulegea. Vita vya Uganda vya 1978 na 1979 viliikausha nchi. Mafuta ya taa yakawa ya foleni, karabai zikabaki za uvuvi peke yake, na karatasi ikawa adimu. Katika miaka ya 1970 Mwanza ilikuwa ikichapa gazeti la Elimu Haina Mwisho kwa ajili ya wasomaji wapya wa Kanda ya Ziwa, lenye maandishi makubwa na habari za vijijini. Mjomba alilisubiri kama barua. Likaanza kuchelewa, kisha likaacha kufika kabisa. Posho nayo ikaacha hata tabia yake ya mvua. Ukurasa wa mwisho wa daftari ni wa 1983, una majina 9, na safu zimejaa sifuri ambazo pembeni hazikuandikwa giza. Hazikuandikwa kitu.

Mwaka 1986 takwimu rasmi zilisema wasiojua kusoma Tanzania wamebaki asilimia 9.6. Dunia ilitupigia makofi, na kwa nchi maskini ilikuwa kazi kubwa kweli. Sensa ya 2002 ikakuta waliozidi miaka 15 wanaojua kusoma na kuandika ni takribani asilimia 69. Nambari hizo mbili hazikupimwa kwa njia moja, kwa hiyo tusizilinganishe kama kilo kwenye mzani mmoja. Lakini mwelekeo unaonekana, na mjomba hakuhitaji sensa kuuona. Aliwaona wanafunzi wake wa ngazi ya 3 wakirudi kwenye dole gumba. "Tuliwafundisha kusoma," aliniambia, "halafu hatukuwapa cha kusoma. Ni kama kumfundisha mtu kuogelea ukaondoa ziwa."

Maneno hayo niliyachukua kama hukumu ya mwisho mpaka siku ya msiba. Kwetu, kama penginepo, msibani hukaa kijana mlangoni na daftari la rambirambi. Unatoa ulichonacho, anaandika jina lako na kiasi. Siku ile wazee walianza kufika tangu alfajiri, wengine kwa bodaboda, wengine wakishikwa mkono. Kijana akauliza jina la bibi mmoja ili aandike. Bibi akanyoosha mkono. "Lete kalamu." Kijana akadhani hakusikia, akauliza tena. "Nimesema lete kalamu. Aliyelala humo ndani atanicheka." Akaandika jina lake taratibu, herufi kubwakubwa za koroboi, na mbele yake 2,000. Nyuma yake mzee mwingine akafanya vivyo hivyo. Kijana akaacha kuuliza, akawa anageuza tu daftari na kuwasogezea.

Baadaye nililinganisha madaftari mawili, la 1971 na la rambirambi. Katika majina 64 ya darasa la kwanza, waliofika mazishini na kuandika kwa mkono wao walikuwa 5. Namba 3, namba 20, namba 31, namba 44 na namba 58. Wengine wengi wametangulia. Watano si takwimu, na siwatumii kuthibitisha kwamba kampeni ilifaulu au ilishindwa. Lakini zaidi ya miaka 50 baada ya alama ya dole gumba walikuwa bado na majina yao mkononi.

Kezilahabi alipofariki Januari 2020 tuliandika sana, na tulipaswa. Alikuwa profesa, alikuwa na vitabu, tulikuwa na pa kuanzia. Watu kama mjomba wangu hawana pa kuanzia. Walikuwa maelfu nchi nzima, vijana wa darasa la saba wenye boksi la chaki, na vitabu vya historia ya elimu vikiwataja vinawataja kwa jumla, "walimu wa kujitolea", kisha vinahamia kwenye asilimia. Historia ya fasihi haiwataji kabisa. Tunahesabu riwaya zilizotoka, miaka zilipotoka na nani alizihakiki, kana kwamba msomaji huota mwenyewe kama nyasi.

Madaftari yao yapo, au yalikuwapo. Yapo darini, kwenye masanduku ya bati, chini ya vitanda vya wajane. Mengi yamefungiwa maandazi, mengine yamewashia mafiga. La mjomba nimelipiga picha ukurasa kwa ukurasa, majina nimeyaziba kwa heshima ya wenyewe na wajukuu wao, na nakala moja ya karatasi nimeirudisha kijijini kwa shangazi, maana ni mali ya pale. Kama kwenu kulikuwa na mjomba, baba mdogo, shangazi au jirani aliyefundisha ngumbaru, mwulize akiwa bado anaweza kujibu. Usianze na mafanikio ya kampeni, atakupa hotuba. Muulize taa ilikuwa ya nani, waliokosa walikuwa wapi, na nani alikuwa wa kwanza kuandika jina lake. Kisha muombe daftari.